Karakana ya mawe ya makaburi njia ya Igoma: fundi asiyekubali kukata andiko katikati

Ndugu, majirani na hata watu tusiofahamiana wamekuwa wakiniuliza ni wapi tulichongesha jiwe la kaburi la mama. Badala ya kumjibu kila mmoja kivyake, naeleza hapa, na naeleza kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe si la bei tu.

Karakana iko Mwanza, barabara ya Musoma, ukishapita Nyakato na kabla hujafika Igoma, mkono wa kushoto ukitokea mjini. Haina jina. Kuna kibao cha bati kilichoandikwa kwa brashi "Mawe ya Makaburi, Misalaba, Picha", na mlio wa grinda utausikia kabla hujakiona kibao. Mwenye kazi ni mtu mzima wa mvi, ana vijana wake wanaomsaidia. Ni Msabato, kwa hiyo Ijumaa jua likianza kushuka wanafunga, na Jumamosi nzima hupati mtu. Nenda Jumapili au siku za kazi asubuhi, kabla vumbi halijawa jingi.

Wanatengeneza mawe ya aina tatu. Kuna terazo, ambayo wanaimwaga wenyewe na kuisugua mpaka chembe za mawe zionekane. Hiyo ni nafuu na inadumu, ila maandishi yake lazima yawe makubwa. Kuna zege lililobandikwa vigae, ambalo silishauri, maana masika mawili yakipita vigae vya pembeni vinaanza kuachia. Halafu kuna granaiti nyeusi, mabamba yanayoletwa kutoka Dar es Salaam, wao wakayakata kwa kipimo, wakang'arisha kingo na kuchonga. Sisi tulichukua granaiti. Bamba na kung'arisha vilitugharimu 550,000, picha 80,000, na maandishi yanalipiwa kwa herufi, 1,500 kila moja.

Hapo kwenye herufi ndipo ninapotaka kukaa.

Ukitembea makaburini utaona jinsi bei ya herufi inavyopunguza Biblia. Watu wanachagua andiko zuri, wanahesabu, wanaona pesa haitoshi, wanakata. Nimeshaona kwa macho yangu jiwe lililoandikwa "Hupandwa katika uharibifu", basi, likaishia hapo. Ni 1 Wakorintho 15:42, na nusu ya pili, "hufufuliwa katika kutokuharibika", ile iliyomfanya Paulo aandike ya kwanza, haipo. Familia ile ilimzika mtu wao, ikamwandikia kwamba ameharibika, ikaondoka. Nina hakika hawakukusudia hivyo. Walikuwa wamefika mwisho wa hela.

Huyu fundi hafanyi kazi hiyo. Nilimpelekea karatasi yangu nikiwa nimeandika mistari ninayoitaka, pamoja na huo huo wa Wakorintho, nikamwambia tukizidiwa tutapunguza. Akaisoma kimya, akaweka kidole mahali fulani, akasema, "Mwalimu, ukipunguza hapa mimi sichongi. Hapa umempanda mama yako, hujamfufua." Utaratibu wake ni kwamba andiko lenye pande mbili, upande wa kwanza unalipia, wa pili anachonga bure. Sijui anapataje faida, lakini ndivyo alivyotufanyia, na nimeona wateja wengine wakifanyiwa vivyo hivyo.

Sasa nieleze kwa nini andiko hilo na si jingine, maana kaka yangu alitaka "Mwendo umeumaliza, imani umeilinda", na ni andiko jema ambalo nusu ya makaburi ya Wakristo wa kwetu yanalo.

Mama alikatwa mguu wa kulia chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Tangu siku hiyo hadi alipofariki, jioni kwa jioni tulikuwa tukimwosha kile kigutu kwa maji ya uvuguvugu, tunakausha kwa kitambaa laini, tunapaka mafuta ya nazi pale ngozi ilipokunjiwa na kushonwa. Alikuwa anasikia vidole ambavyo havipo vikiwasha. Aliniuliza, na hakuuliza kwa mzaha, "Nikifufuliwa, mguu wangu nitaukuta?" Nilimwambia ndiyo, mama, utaukuta. Halafu siku ya mazishi, ndugu mmoja mkubwa wa ukoo akasimama kutufariji, akasema msilie, huo ni mwili tu, yeye mwenyewe ameshaondoka.

Alisema kwa upendo. Lakini mimi na mama wadogo tulikuwa tumetoka kuuosha huo mwili alfajiri ile, na sikuona ni "tu". Wala kanisa halioni hivyo. Katika Imani ya Mitume, tunayoikiri kila Jumapili tukiwa tumesimama, tunasema tunaamini ufufuo wa mwili. Mchungaji alipomwaga udongo juu ya jeneza mara tatu, mara ya tatu alitaja kufufuliwa. Dakika chache kabla yake tulikuwa tumeambiwa mwili si kitu. Mambo hayo mawili hayakai pamoja, na nilitaka jiwe liseme lile tunaloliamini.

Wazo hili la kuudharau mwili ni la zamani. Paulo aliwaandikia Wakorintho mnamo mwaka 55 hivi, akiwa Efeso, na baadhi yao walikuwa wakisema hakuna kiyama ya wafu. Kabla ya hapo, Athene, watu walimsikiliza vizuri mpaka alipotaja kufufuliwa kwa wafu, ndipo wengine wakadhihaki. Roho kuishi milele halikuwa jambo geni kwa Wayunani. Lililowachekesha ni kwamba mtu anaweza kutaka kurudishiwa mwili. Wakorintho wakauliza lile lile aliloniuliza mama kitandani: "Wafufuliwaje wafu? Nao huja kwa mwili gani?" Paulo akajibu kwa mbegu. Unachokipanda ni punje tupu, ya ngano au nyingineyo, na kinachoota hakifanani nayo, lakini hakuna aliyewahi kupanda mtama akavuna kitu ambacho hakikutoka kwenye mtama wake. Mama alilima mtama na pamba maisha yake yote. Jibu hilo lilikuwa limeandikwa kwa ajili ya mtu wa aina yake.

Kaka hakukubali haraka. Alinisomea mstari wa 50 wa sura hiyo hiyo, "nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu", akasema unaona, mwili hauendi. Nikamwambia tusome mbele hatua chache. Mstari wa 53 unasema sharti huu uharibikao uvae kutokuharibika, na huu wa kufa uvae kutokufa. Kinachovalishwa ni huu huu tulio nao. Hautupwi ukaletwa mwingine usio na historia. Kinachoondolewa ni kuoza, aibu na udhaifu, na vyote vitatu Paulo amevitaja kimoja kimoja.

Na tusipoelewa Paulo, tumwangalie Bwana mwenyewe, kwa sababu mpaka sasa mwili uliofufuliwa kwa namna hiyo ni mmoja tu. Wanafunzi walidhani wameona roho. Akawaambia, "Nishikeni-shikeni, mwone, kwa kuwa roho haina mwili na mifupa kama mnavyoniona mimi kuwa nayo." Kisha akaomba chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Wakati huo huo milango ilikuwa imefungwa naye akasimama katikati yao. Maria Magdalene alimwona akadhani ni mtunza bustani, mpaka alipoitwa kwa jina lake. Wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau walitembea naye njia nzima bila kumtambua. Ni yeye yule, na amebadilika, na Injili haijaribu kulifunga jambo hilo katika maneno mepesi. Hilo linanitosha.

Fundi alikuwa anatusikiliza huku anapima bamba. Yeye kama Msabato anaamini wafu wamelala, hawajui neno lolote, mpaka parapanda. Sisi Walutheri tunasema waliokufa katika Bwana wako pamoja naye, wakiingojea siku ile. Aliniambia wazi kwamba mteja akitaka "Yuko mbinguni na malaika" anamchongea, pesa anapokea, lakini moyo hauridhiki. Nikamuuliza na langu je? Akasema, "Hilo lako nalichonga nikiimba." Tunatofautiana juu ya kinachotokea kati ya kaburi na kiyama, na hatukujaribu kulimaliza pale kwenye vumbi. Juu ya siku yenyewe ya kufufuliwa hatukuwa na neno la kubishania. Wifi yangu Mkatoliki, aliyekuwa amenisindikiza, akaongeza la kwao: katika mafundisho yao mwili uliotukuzwa una sifa nne, kwamba hauumii tena, unang'aa, unakwenda upesi roho itakako, na unaitii roho kwa ukamilifu. Hauumii tena. Nilimwomba alirudie hilo.

Kuhusu picha, hapa familia ilivutana kweli. Karakana inaweza kuchora uso moja kwa moja kwenye granaiti, na wanafanya vizuri, mradi uwaletee picha yenye mwanga wa kutosha. Kaka alileta ya mwaka mama alipoolewa, amesimama wima na viatu vya visigino. Hoja yake haikuwa ya kupuuza: mama atafufuka mzima, kwa nini tumweke akiwa mgonjwa? Na kumbe hoja hiyo ina wakubwa waliomtangulia. Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alijiuliza maswali haya kwa makini kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Watoto wachanga watafufuka wakiwa na kimo gani? Nywele na kucha zilizokatwa zinakwenda wapi? Aliyeliwa na mwenzake wakati wa njaa, nyama ile ni ya nani? Aliona kwamba huenda wote watakuwa katika utimilifu wa umri, ule aliofikia Kristo, kama miaka thelathini hivi. Na juu ya wafiadini waliokatwa viungo alisema viungo watarudishiwa, kwa maana imeandikwa hautapotea hata unywele mmoja, lakini makovu yao huenda yakabaki, si kama ulemavu, bali kama heshima. Alikuwa na sababu. Tomaso aliambiwa alete mkono wake autie ubavuni. Jeraha lilikuwa bado lipo, na Bwana alikuwa mzima.

Nikamwambia kaka kwamba mama wa kwenye picha ya harusi ni mama yetu, lakini tuliyemzika ni huyu wa mwisho, na huyu ndiye anayengojea kufufuliwa. Tulichukua picha aliyopigwa nje ya nyumba, ameketi, magongo yameegemea ukuta, anacheka kitu ambacho mpiga picha hakukisikia. Kaka hakuipenda mpaka alipoiona kwenye jiwe. Sasa ndiye anayewaonyesha wageni.

Kazi yenyewe nimeiona ikifanyika. Wanabandika karatasi ya gundi yenye maandishi, wanaikata kwa wembe, kijana anapitisha mashine ya kupuliza mchanga, kisha fundi mwenyewe anamalizia kona za ndani za kila herufi kwa patasi ndogo. Nilimtazama kwenye H ya "Hufufuliwa". Alishika patasi kwa vidole vitatu, akagonga kidogo kidogo, akapuliza vumbi, akapitisha ukucha ndani ya mfereji wa herufi ili asikie palipokwaruza. Palipokwaruza akarudia. Maandishi yote yako hivyo, mistari imenyooka, nafasi kati ya maneno ni sawa, na hakuna kosa la tahajia hata moja, jambo ambalo si la kawaida makaburini kwetu.

Pembeni, chini ya turubai, palikuwa na jiwe dogo la terazo lililokuwa tayari, halina tarehe ya kuzikwa. Fundi alinieleza bila kutaja jina la mtu. Familia ilimpoteza ndugu yao katika MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na hakupatikana. Mamia ya watu walikufa siku ile, na wengi wa waliopatikana wamezikwa hapo hapo Igoma, si mbali na karakana. Wa kwao yuko ziwani. Miaka yote hii hawakuweka kitu chochote kwa sababu hawakuwa na kaburi, na mwishoni wakaamua kuweka jiwe kwenye kiwanja cha nyumbani. Limeandikwa Ufunuo 20:13, "Bahari ikawatoa wafu waliokuwa ndani yake." Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya jiwe letu.

Watu huuliza kama Mungu anaweza kumfufua mtu ambaye mwili wake haupo popote. Swali hilo liliulizwa kwa moto mwaka 177, katika mji wa Lyon, Ufaransa ya leo. Waliowaua Wakristo wa pale waliichoma miili yao na kuyafagia majivu ndani ya mto Rhône, kwa kusudi kabisa, ili wasiwe na tumaini la kufufuka. Wakristo waliobaki waliandika barua kueleza yaliyotokea, wakaendelea kuamini ufufuo ule ule. Ndiyo maana hata Kanisa Katoliki, lililokataza kuchoma maiti kwa muda mrefu, liliruhusu mwaka 1963, mradi mtu asifanye hivyo kwa kuukana ufufuo. Aliyemuumba mtu kutoka mavumbini halazimiki kuyakuta mavumbi yakiwa yamepangwa mahali pamoja. Mguu wa mama nao sijui uliko. Ulibaki hospitali siku ya upasuaji na hatukuuliza. Nimeacha kuhangaika nao.

Kasoro zipo, na nizitaje. Kwanza ni kuchelewa. Tuliahidiwa siku, ikapita, ikapita nyingine, na simu ilipokelewa na kijana asiyejua lolote. Familia ilikuwa imeshapanga ibada ya kuweka jiwe, mchungaji amealikwa, na tukalazimika kusogeza. Ukiwa na tarehe usiyoweza kuibadilisha, agiza mapema sana na uende mwenyewe kukagua, usitegemee simu. Pili ni rangi ya dhahabu wanayojazia kwenye herufi. Inapendeza wiki za mwanzo, halafu jua linaifuta, na kwenye jiwe letu tayari imeanza kuchubuka upande wa magharibi. Herufi zenyewe zimechongwa kwa kina, zinasomeka bila rangi, kwa hiyo ningejua ningekataa rangi na kubaki na pesa. Tatu, hawasafirishi. Utatafuta kirikuu mwenyewe, na uhakikishe bamba limewekwa wima kwenye mbao na kufungwa vizuri, si kulazwa. Sisi tuliokwenda Sengerema tulifaidika na daraja la Kigongo–Busisi. Zamani jiwe lingesubiri kivuko pamoja nasi.

Kuliweka mlifanye mnavyojua, lakini fundi anashauri msingi wa zege ukauke kabisa kwanza, na bamba liinamishwe kidogo ili maji ya mvua yasituame kwenye maandishi. Tulifuata, na limetulia.

Kwa ufundi wa kuchonga nampa alama zote. Kwa muda, nusu. Kwa kukataa kukata andiko katikati sina alama za kumpa, nimemwambia asante na nimemwombea.

Shangazi amekwenda juzi kuagiza la mumewe. Nilimwambia apeleke andiko limeandikwa kamili pamoja na sura na mstari, akatae rangi ya dhahabu, na asiende Jumamosi. Ameshalipa nusu, na amechagua Wafilipi 3:21, "atakayeubadili mwili wetu wa unyonge, upate kufanana na mwili wake wa utukufu."